Vali Elfu Nne Zilizothibitishwa na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeingia ofisini, mimi niliyeacha shule kidato cha pili, na nimepewa kiti chenye magurudumu. Naliandika hili mwanzo kabisa ili mwalimu wangu wa hesabu, popote alipo, apaliwe na chai.

Ofisi ni ya maji. Shirika linahama kutoka kwenye makaratasi kwenda kwenye kompyuta. Chumba cha nyuma kimejaa kadi ngumu za rangi ya maziwa, elfu nne mia moja na kumi na mbili, na kila kadi ni vali moja iliyofukiwa chini ya barabara. Kadi inasema vali iko wapi, inazuia bomba gani, na inafungwa kwa kuzungushwa kulia au kushoto. Kumbe zipo za kulia na zipo za kushoto, inategemea zilinunuliwa enzi za nani. Sisi tunazichapa zote kwenye mfumo, halafu mafundi watasoma kwenye simu wakiwa palepale shimoni badala ya kurudi ofisini kuuliza.

Tuko wachapaji wawili. Mwenzangu ni binti mwenye miwani mikubwa kama vioo vya pikipiki. Nimeshambatiza Miwani. Mimi ni mtumiaji namba 07, kwa hiyo naye akalipiza: ananiita Saba. Bosi wa mradi nimemkuta na jina tayari, Asilimia. Hawezi kukusalimu bila kutaja asilimia.

Kaka ndiye aliyeniombea kazi. Huu ni mwaka wake wa tisa akiwa fundi bomba wa shirika hilihili, yeye ndiye anayeshuka kwenye mashimo.

"Usinitie aibu," aliniambia getini.

"Kaka, hivi vidole vilikuwa vinachapa barua za watu kibandani, wateja wanabaki kuvitazama tu hata barua zikiisha."

"Ndiyo maana nimekuambia usinitie aibu."

Jumanne, 5 Machi

Kadi 152. Miwani 40. Nimemuuliza kama anazichapa au anazilea.

Alhamisi, 7 Machi

Nimegombana na Bi Kadi. Huyu ni mama mwembamba aliyezitunza hizi kadi miaka thelathini na moja, anastaafu mwisho wa mwezi. Penseli ameichomeka kwenye nywele, na kalamu ya wino wa chupa inaning'inia shingoni kwa kamba. Nililamba kidole nifunue kadi, akanipiga mkononi kwa rula.

"Hizo si noti."

"Shikamoo mama."

"Salamu baada ya kosa siyo salamu."

Nikaona nimchokoze kidogo. Nikamwambia, mama, mwandiko wa kadi zako unabadilika kama hali ya hewa, hii penseli, hii wino, hii nusu kwa nusu, kwani wino ulikuwa wa mgao? Akanitazama kama ninavyomtazama mende kwenye bakuli la sukari.

"Wewe soma unachokiona."

"Ndicho ninachofanya mama."

Miwani hakucheka. Miwani hachekagi.

Jumatano, 13 Machi

Mvua za msimu zimefika. Kadi 165. Paa la korido linavuja, wameweka ndoo. Ndoo ndiyo saa ya ukutani sasa.

Alhamisi, 14 Machi

Mwisho wa kila kadi, mfumo unauliza kitu kimoja: Imethibitishwa au Haijathibitishwa. Ukiuacha ulivyo, wenyewe umeshajiwekea Imethibitishwa, na vali inatokea kijani kwenye ramani. Ukitaka ile nyingine, unabofya mara tatu na unaandika sababu. Miwani akampelekea Asilimia swali.

"Kadi imeandikwa?" Asilimia akauliza.

"Imeandikwa."

"Imeandikwa kila kitu?"

"Ndiyo, ila hii ni kwa penseli na hii..."

"Basi imethibitishwa. Tuko asilimia thelathini na tisa, binti. Tusianze falsafa."

Miwani akarudi kitini. Nikamchungulia. Kwenye safu ya maoni, kila kadi yenye penseli anaandika: penseli. Nikamwambia aandike na harufu yake. Kadi zangu 171, zote kijani kama shamba la mchele.

Jumatatu, 18 Machi

175. Mama amewaambia majirani mimi ni mkuu wa kompyuta. Sikumsahihisha.

Ijumaa, 22 Machi

Miwani ameondolewa. Kasi yake asilimia ishirini na sita ya kasi yangu. Asilimia alisema hivyo mbele ya watu, na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama nikainama kama mwanamuziki. Miwani alikuwa anapanga vitu vyake kwenye mfuko.

"Saba, siku moja muulize yule mama penseli ni ya nini."

"Si ungemuuliza wewe."

"Nilimuuliza. Akasema kama hata hilo halionekani, basi tuendelee kuchapa tu."

"Basi mimi naendelea kuchapa."

Alikunja kitambaa chake cha kufutia miwani mara nne, akaenda. Nimebaki na chumba chote na viti viwili vya magurudumu.

Alhamisi, 28 Machi

Siku ya mwisho ya Bi Kadi. Hakuna aliyemwandalia kitu. Alipita kwenye kabati zake akizigusa moja moja, akanikuta nina maikrofoni ya rula, naimba. Akasema, "Zitunze." Nikamwambia mama, sasa hivi zimeshaingia humu, haziwezi hata kupata mafua. Akaenda zake na penseli yake kichwani.

Jumanne, 2 Aprili

Tumemaliza. Vali 4,112. Asilimia mia. Ramani imewashwa ukutani, mji mzima kijani, kila nukta moja ni vali, na nukta elfu tatu na kitu ni vidole vyangu. Wakubwa walipiga makofi. Asilimia alinishika bega, akaniambia mbele yao, "Huyu kijana ndiye mfumo." Soda mbili nilikunywa, ya tatu nikaificha kwa ajili ya Mama.

Mafundi wamepewa simu. Kaka anaishika yake kama yai.

"Kwa hiyo nikisimama juu ya mfuniko inaniambia kulia au kushoto?"

"Inakuambia kila kitu isipokuwa utakula nini."

"Na hayo umeyachapa wewe?"

"Nani mwingine?"

Alifurahi. Kaka akifurahi hasemi, anajikuna shingo. Alijikuna shingo njia nzima.

Jumatatu, 8 Aprili

Haya. Leo naandika polepole.

Kaka alirudi saa kumi jioni amelowa hadi kwenye kope, na siyo mvua. Alikwenda kufunga vali 1906. Simu ilisema kulia. Akazungusha kulia hadi ikagoma, wakafungua bomba mbele yake, maji yakamrusha ukutani. Ilikuwa ya kushoto. Yaani alikuwa ameifungulia mpaka mwisho huku anaamini ameifunga. Alikuwa anacheka, anamwonyesha Mama kiwiko kilivyochubuka. Halafu akaketi, akatoa simu.

"Hebu njoo, dogo. Hapa chini pameandikwa, imethibitishwa na sifuri saba. Ni nani huyo?"

"Ni mimi."

"Wewe ulikwenda lini kuizungusha?"

"Nilisoma kadi."

"Kadi ilikuwa wino au penseli?"

Nikamwambia sikumbuki, inahusu nini. Akaiweka simu mezani. Na hapo ndipo aliponieleza, taratibu kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba jiko ni moto.

Fundi akirudi ofisini akasema vali fulani inafungwa kushoto, Bi Kadi alikuwa anaandika kwa penseli. Ni kusikia tu. Halafu anachukua mwavuli wake, anakwenda na fundi mwingine, anasimama juu ya shimo mpaka vali izungushwe mbele ya macho yake na maji yakatike. Akirudi, anapita juu ya ile penseli kwa wino. Miaka thelathini na moja. Mafundi wote wanajua. Kabla ya kushuka unamuuliza dirishani, anakujibu neno moja, wino au penseli. Ukijibiwa wino, unafunga unafanya kazi. Ukijibiwa penseli, unafunga vali mbili zaidi, ya juu na ya chini, unasubiri nusu saa, ndipo unaingia.

"Sasa kwenye simu," Kaka akasema, "penseli inaonekanaje?"

Haionekani, nikamwambia. Herufi zote ni nyeusi.

"Nilidhani unajua," akasema.

Kila mtu alidhani najua. Yule mama alidhani yeyote mwenye macho anaona. Mimi nilidhani nina macho.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekwenda kwa Asilimia asubuhi kabla hajavua koti la mvua. Nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri, kwa kweli, hata akaandika. Halafu akauliza ni ngapi.

"Za penseli? Sijui bosi. Theluthi moja hivi. Tuzibadilishe zote ziwe haijathibitishwa, mafundi wawe wanajihadhari, halafu tuzihakiki moja moja."

"Theluthi. Kwa hiyo ubora wa taarifa zetu unashuka kutoka tisini na nane hadi sitini na kitu. Wiki nne kabla ya makabidhiano ya mradi."

"Bosi, ubora haushuki. Ndivyo ulivyo."

Nilijishangaa mwenyewe nilivyosema kitu cha maana. Yeye hakushangaa. Akaniambia mfumo haujui penseli ni nini. Nikamkumbusha kwamba Miwani aliandika kwenye maoni. Tukafungua. Safu ya maoni haipo. Ilifutwa wakati wa kuhamisha, kwa sababu ilikuwa inachafua ripoti.

"Zinachapwa upya lini?" nikauliza.

"Zichapwe kutoka wapi?" akasema. "Kadi zimeshaondoka."

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Mlinzi anasema lori lilibeba makasha matano ya kadi kwenda kwenye kiwanda cha kusaga karatasi. Lilikuwa lirudi kuchukua tisa yaliyobaki, likakwama kwenye matope, halikurudi. Hayo tisa yako kwenye banda la nyuma.

Alhamisi, 11 Aprili

Banda lile ni paa kwa jina tu. Makasha yamelowa yakawa kama mikate iliyoangukia kwenye chai. Nilipofunua la kwanza nilikaa chini kwenye maji.

Wino wa chupa haupendi maji. Kila alichokiandika kwa kalamu kimeyeyuka. Kadi baada ya kadi, doa la buluu na hakuna neno. Penseli haijaguswa. Yaani mambo ambayo yule mama aliyaona kwa macho yake, akiwa amesimama juani na mwavuli, yamekwenda na maji, na maneno ya kuambiwa yote yamebaki, safi kabisa, unayasoma kutoka mlangoni. Nilicheka peke yangu. Sikukipenda kicheko hicho.

Halafu akili ikanirudi. Namba ya juu ya kila kadi ilipigwa kwa taipureta, na hiyo imebaki. Kadi yenye doa tupu ilikuwa ya wino. Kadi inayosomeka ni ya penseli. Kwa hiyo najua. Kwa makasha tisa, naweza kujua.

Jumapili, 14 Aprili

Siku tatu nimezianika kadi kwenye kamba kama soksi. Penseli katika makasha tisa ni 731. Nimeziandika zote kwenye karatasi mbili, pande zote, herufi ndogondogo. Makasha matano yaliyokwenda yalikuwa na kadi kama elfu moja na mia tano. Hizo sijui.

Mama ameuliza kwa nini mkuu wa kompyuta ana matope magotini.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimemtafuta Bi Kadi nyumbani kwake. Nilimkuta barazani anamenya viazi. Safari hii nilianza na shikamoo kabla ya kosa lolote, ila kosa lilikuwa limenitangulia.

Nilimsomea namba za makasha matano nikimwomba akumbuke. Aliniacha nisome kumi na moja hivi.

"Sikumbuki," akasema.

"Hata moja mama? Miaka thelathini na moja?"

"Mwanangu, ningekuwa nakumbuka ningeandika ya nini?"

Nikamwambia mimi nina kumbukumbu nzuri sana, nikikaza akili naweza kuziona kadi zenyewe machoni. Akaacha kumenya.

"Hiyo ndiyo penseli mbaya kuliko zote," akasema.

Akanipa mwavuli wa kurudia. Sikuuomba.

Jumanne, 16 Aprili

Mpango wetu mimi na Kaka ni huu. Kabla hajashuka ananitumia namba. Mimi naangalia ramani, naangalia orodha yangu, namjibu neno moja kama Bi Kadi: wino, penseli, au sijui. Akimaliza ananiandikia: nimepanda.

2210. Wino. Nimepanda.

0418. Penseli. Alifunga mbili zaidi. Ilikuwa ya kushoto kweli, simu ilisema kulia. Nimepanda.

Jumatano, 17 Aprili

0977 wino. 3120 sijui. 3121 sijui. Amepanda zote.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua siku nzima, mabomba yanapasuka kila kona. 1544 penseli. 3308 sijui. 3290 sijui. 2006 wino. Nyapara wao ameanza maneno. Anamuuliza Kaka kama anachumbia, mbona kila shimo lazima amwandikie mtu. Simu ya shirika inasema kijani, yeye anasubiri ruhusa ya mdogo wake. Wenzake wanamwita Mume wa Saba. Kila nikimjibu sijui, inabidi afunge vali mbili na kusubiri nusu saa kwenye mvua, kikosi kizima kimesimama kinamwangalia.

"Punguza sijui zako," aliniambia akivua viatu. Alikuwa anatania. Nusu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemrudia Asilimia na orodha. Mia saba thelathini na moja, nikamwambia, hizi tu basi, zibadilishe hizi. Ana ufunguo wa mfumo yeye peke yake, mtumiaji 01. Akaipokea orodha kwa vidole viwili kwa sababu ilikuwa na matope. Akaniambia baada ya makabidhiano.

Jumatano, 24 Aprili

3317 sijui. 3351 sijui. 3302 sijui. Amepanda zote. Leo hakuandika nimepanda, aliandika tu nime.

Ijumaa, 26 Aprili

Jana sikuandika.

Saa sita na dakika ishirini mchana Kaka alinitumia 3344. Nilifungua ramani: kijani, imethibitishwa na 07. Namba hiyo ni ya makasha yaliyosagwa. Jibu lilikuwa sijui. Lilikuwa sijui la nne tangu asubuhi. Akaongeza ujumbe: nyapara amenipigia kelele mbele ya watu, dogo, kumbuka basi.

Nikakaza akili. Na nikaiona, naapa niliiona: kadi yenye kona iliyokunjika, jina la mtaa limepigiwa mstari, mwandiko umelala vizuri. Mwandiko ule haukai hivyo kwa penseli. Nikajiambia, mimi ndiye niliyezichapa, nani atakumbuka kama si mimi. Nikaandika: wino.

Akanijibu: safi.

Upande ule maji ni ya mgao, bomba huwa kavu mpaka saa nane. Kwa hiyo alipozungusha kulia kama simu ilivyosema, kumbe ni ya kushoto, hapakuwa na maji ya kumwambia amekosea. Aliifungua vali yote akidhani ameifunga. Wakachimba, wakakata kipande cha bomba, Kaka akawa chini anasafisha mdomo wa bomba. Saa nane kamili kituo cha maji kikaufungulia mji. Maji yalimpiga kifuani, hayo angeyaweza, lakini udongo ulikuwa umelowa wiki sita na ukuta mzima wa shimo ukaja juu ya miguu yake, na bomba juu ya udongo.

Saa nane na dakika kumi simu yangu iliita. Niliona jina la Kaka, nikapokea nikisema, "Umepanda?" Alikuwa nyapara.

Jumapili, 28 Aprili

Mguu wa kulia wameukata chini ya goti. Mama ameketi pembeni ya kitanda, ameushika ule wa kushoto juu ya shuka, hauachii. Kaka amelala. Mimi nimesimama karibu na mlango kama mgeni.

Jumatatu, 29 Aprili

Tume ya uchunguzi imeundwa ofisini. Nimefungua 3344 ili niitazame tu, kama mtu anavyogusa jino linalouma.

Ni njano.

Haijathibitishwa. Ilibadilishwa tarehe 22 Aprili. Na: 01.

Alhamisi ilikuwa kijani, niliiona kwa macho yangu kabla ya kumjibu. Nimeangalia zile 731 za orodha yangu: kijani zote. Nimeangalia 3343 na 3345: kijani. Katika mji mzima vali moja tu ni njano, na tarehe yake ni siku tatu kabla ya ajali.

Nikaingia kwa Asilimia bila kugonga.

"Bosi, 3344 umeibadilisha lini?"

"Tarehe ipo pale."

"Tarehe 22 ulisema baada ya makabidhiano."

"Kijana," akasema, na hakuwa mkali, hilo ndilo linalonitesa, alikuwa amechoka na macho yake mekundu, "si ndicho ulichokitaka? Ulikuja hapa ukanililia penseli, penseli. Basi nimekusikiliza."

"Kwa moja."

"Kwa hiyo moja."

Mfumo sasa unasema kwamba fundi alionywa, akashuka.

Alhamisi, 2 Mei

Nimewaandikia tume barua ya kurasa tatu. Nimeweka kila kitu, hata lile neno langu moja. Kesho naipeleka.

Ijumaa, 3 Mei

Tume walinitangulia, asubuhi walikuwa hospitali. Nilifika saa tano, nikakuta Kaka ameegemea mto na kalamu iko juu ya kabati.

"Wamekuja?"

"Wamekwenda. Walinisomea. Eti simu iliniambia haijathibitishwa, nikashuka kwa ubishi wangu."

"Ilikuwa kijani."

"Najua ilikuwa kijani. Mguu ndio umekatwa, siyo macho."

"Sasa uliwaambia nini?"

"Nimesaini."

Mama alikuwa dirishani, ametupa mgongo, anakunja kanga iliyokwisha kukunjwa.

"Kaka, kwa nini?"

"Nikisema kijani, swali linalofuata ni nani aliiweka kijani. Halafu wataomba simu yangu waone nilikuwa naongea na nani." Akajivuta juu kidogo, uso ukamkunjika, akasubiri maumivu yapite. "Ule ujumbe wako nimeufuta. Na wewe ufute wako."

Barua ilikuwa mfukoni. Nikamwambia nimeandika kila kitu, naipeleka leo.

"Ukiipeleka utakuwa umenikata na huu mwingine," akasema. "Mama ana watoto wawili. Mmoja ameshakuwa hivi."

Nikaikandamiza barua mfukoni. Nilimpa maji. Alikunywa nusu glasi, akaniuliza kama mvua bado inanyesha, kana kwamba ndilo lililotuleta pale.

Jumatano, 8 Mei

Makabidhiano yamefanyika. Ubora wa taarifa, asilimia tisini na nane nukta tisa. Sikunywa soda.

Jumatatu, 13 Mei

Nilitaka kuacha kazi. Nimebaki. Nikiondoka hakutakuwa na mtu hata wa kuwaambia sijui. Barua iko ndani ya daftari hili, nimeikunja mara nne. Kila asubuhi naitoa, naisoma, naikunja.

Kaka anajifunza magongo. Jana alianguka jikoni, akakataa niinue mkono kumsaidia. Hakukataa kwa hasira. Alisema, "Acha nijue mwenyewe."

Alhamisi, 16 Mei

Mvua inapungua, mashimo hayapungui. Leo saa sita mchana simu iliita, namba ngeni. Ni fundi aliyechukua nafasi ya Kaka, sauti ya mtu mwenye haraka.

"Wewe ndiye Saba? Niko kwenye 3361. Kaka yako alikuwa anasema kabla ya kushuka tukuulize wewe. Vipi hii?"

Ramani yangu ilikuwa wazi. 3361, kijani, imethibitishwa na 07. Makasha yaliyosagwa.

"Sijui," nikamwambia.

"Si ni wewe uliyeithibitisha?"

"Jina ni langu. Sijui. Funga ya juu na ya chini, subiri nusu saa."

Alicheka. Nikamsikia anamwambia mtu wa pembeni kitu, na yule mtu naye akacheka. Halafu akarudi kwenye simu.

"Sikiliza kaka, nyapara ananiangalia hapa. Simu inasema kulia. Wewe unasema si kulia?"

"Nasema sijui."

"Basi nashuka," akasema, na akakata.

Nilimwandikia: ukipanda niambie. Sasa ni saa saba kasorobo. Sijabofya kitu chochote tangu hapo.